Majirani Waliokaa Msibani

Siku yangu ya kwanza kazini Bosi alinikabidhi kitambaa cha vumbi na stabilaiza, kile kisanduku cha kutuliza umeme. Enzi zile za soko huria umeme wa Makambako ulikuwa na vituko. "Binti," akaniambia, "mteja akilalamika mwache, stabilaiza ikilia zima." Alikuwa msafirishaji kutoka Tanga, mtu wa utani, na banda lake la gemu lilikuwa la kwanza mjini.

Vijana wa leo mnasifia picha. Sisi tulikuwa na gemu la Kijapani, maandishi yake hakuna aliyeyasoma, lenye kijiji kilichoendelea kuishi hata ukizima. Ndani ya mashine betri ndogo ilitunza saa. Ukipotea wiki nzima, unakuta magugu shambani na majirani mlangoni wakikungoja. Kaka yangu Yohana, utingo wa lori, alikuwa na nyumba humo. Kila akiwasha aliwaamkia, "Kamwene," kama vile yuko kwetu Kitandililo, nao humgeukia.

Masika moja alikwenda Lupingu kufuata usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Barabara ikakatika, habari hakuna. Asubuhi moja nikawasha mashine, nikakuta majirani wameketi chini mbele ya nyumba yake, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Mkao ule niliujua. Msiba hauhitaji maandishi. Nikalia.

Bosi akaja, akatazama, hakutania. "Zima. Na mama yako usimwambie."

Sikuzima. Niliona si adabu kuwaacha wafiwa peke yao.

Baada ya siku chache Yohana akaingia bandani, mzima, matope hadi magotini. Alipoona picha akacheka, akashika pedi ya kuchezea. "Kamwene." Hakuna aliyegeuka. Akarudia, sauti ikashuka.

Hapo ndipo Bosi akakumbuka, akaeleza. Betri ilikufa, akaweka mpya, mashine ikadai tarehe, naye akabonyeza mbele, mbele, mpaka ikakubali. "Miaka imewapita wale bila kukuona. Si uchawi, ni saa tu." Tukapumua.

Baadaye alinihamishia banda la Njombe, kwenye baridi, na huko ndiko nilikostaafia. Mashine zilizofuata zilikuwa na picha nzuri zaidi, lakini hakuna iliyojali kama nipo au sipo. Ile iliuzwa zamani. Yohana ana wajukuu, na siku hizi anakohoa. Tarakimu za tarehe kwenye mashine ile zilikuwa hizi hizi zetu, si za Kijapani, ila hakuna aliyezitazama. Kila mwaka mpya ukiingia naogopa, najiuliza Bosi aliisogeza saa ile hadi mwaka gani, na kama ndio huu.