Ngoma ya Mama Elisante Ilipolowa

Mama Elisante akishika ngoma, hata kuku wa mchungaji wanaacha kudonoa. Sitii chumvi. Nimesimama ubavuni kwake na ngoma ya pili kwa miaka kumi na tisa, na hao kuku nimewaona kwa macho yangu. Jina lake la ubatizo ni Evarista, lakini huku kwetu, ukishaipita Buigiri na kuiacha lami, ukiuliza Evarista utaambiwa hayupo. Ulizia Mama Elisante wa ngoma, utapelekwa mpaka mlangoni.

Ngoma zetu ni za muheme, na kwetu Ugogo hizo ni za wanawake. Unasimama, unaibana ngoma katikati ya mapaja, unaipiga kwa viganja, na papo hapo unatakiwa kurukaruka na kutabasamu. Sisi tunampigia Mungu kanisani. Ile kubwa, inayoziita nyingine, Mama Elisante alipewa na mama yake mzazi, siku mama huyo aliposhindwa kuruka. Alimwambia, "Usiiachie mpaka na wewe magoti yakukatae."

Basi magoti hayakukataa. Kilichokuja ni joto.

Lilimwanza mwaka jana, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Joto la jua tumelizoea, hilo siyo neno. Hili lilitoka tumboni likapanda kifuani, shingoni, usoni, kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri la matofali. Dakika tatu, nne, halafu linaondoka na kumwacha amelowa, anatetemeka. Moyo unamwenda mbio akiwa amekaa tu anachambua mlenda. Na ule mwezi Julai, upepo wa Dodoma unapokata masikio, yeye alikuwa anafungua madirisha yote. Mumewe, Bartolomayo, mtu mpole sana, akaanza kulala na koti. Hakuuliza kitu. Alivaa koti, akasali, akalala.

Mama Elisante akapima malaria mara tatu, haionekani. Akanywa mwarobaini mpaka ulimi ukafa ganzi. Akafunga na kuomba. Hakumwambia mtu.

Nami nilijua ni nini, Mungu anisamehe, kwa sababu langu lilikuwa limeanza mwaka mmoja kabla yake. Nikanyamaza. Siku tunavunja ungo, wanawake walituimbia siku nyingi na kutufundisha kila kitu. Siku damu inakoma, hakuna anayekuimbia hata ubeti mmoja. Kwa hiyo kila mtu anaungua kivyake.

Sasa shida ilikuwa moto. Ngoma hizi, kabla ya kupigwa, lazima zipashwe kwenye moto wa nyasi ili ngozi ikaze, na desturi yetu ni kwamba ngoma kubwa huipasha mwenyewe mwenye ngoma. Hebu fikiria. Mtu anaungua ndani, halafu unamsimamisha karibu na moto. Na sare yetu ilikuwa ile nailoni ya bluu, mikono mirefu, kola mpaka kidevuni.

Kongamano la akina mama lilipangwa kufanyika Kongwa mwezi wa nane. Wiki tatu kabla, tukiwa bombani, Mama Elisante akaniambia, "Mwenzangu, nikishapiga Kongwa, ngoma nakukabidhi wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

Ndoo ilinitoka kichwani. Mimi ni wa kuitikia! Tangu kuzaliwa nimekuwa wa kuitikia. Nikashika ngoma kubwa, kuku watarudi kudonoa.

"Magoti?" nikamuuliza.

"Magoti mazima," akasema, akatazama pembeni. "Nimechoka tu."

Jumapili iliyofuata tulikuwa na mgeni, mchungaji kutoka mjini. Mama Elisante alikuja amenona ghafla kiunoni, uso umetulia, anatabasamu kama aliyekunywa maji ya baridi. Nikafikiri, ameponywa. Ubeti wa kwanza aliupiga vizuri ajabu. Ubeti wa pili nikasikia ngoma inasema *pwa*. Nikageuza sikio. *Pwa, pwa.* Kama mtu anafua blanketi.

Nikatazama chini. Pale miguuni kwake palikuwa na dimbwi.

Jamani, kanisa zima liliona. Mzee Abeli, anayekaa kiti cha mbele, alifumba macho kwa heshima na kuanza kuomba kwa sauti. Mama Elisante akaona wanachofikiria. Akapaaza sauti, "Siyo! Ni maji ya bomba!" Mbele ya mgeni, mbele ya altare, akaingiza mkono chini ya sare akaanza kuvuta. Ikatoka khanga, mbichi, inachuruzika. Akavuta tena, ikatoka ya pili. "Ni khanga! Khanga, jamani!" Alikuwa amezilowesha na kujifunga kiunoni ili apoe, na kwa haraka hakuzikamua vizuri. Kuruka kukazikamua. Maji yakashuka mapajani, na ngoma iko hapo hapo, ngozi ikanywa yote.

Akatoka mbio na khanga zake. Sisi wanawake tukamfuata nyuma ya kanisa, tukamwacha mgeni na Mzee Abeli aliyekuwa bado anaomba.

Tulimkuta amekaa kwenye tofali, analia. "Naungua," akasema. "Mwaka mzima naungua. Nimemharibia mama ngoma yake. Chukueni, siiwezi."

Halafu Mama Frida, mwenyekiti wetu, mwanamke mkali ambaye ndiye aliyechagua ile nailoni na ile kola, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaingiza mkono kifuani akatoa kitambaa kilicholowa.

"Tangu Pasaka ya mwaka juzi," akasema. "Nabadilisha kila baada ya mahubiri."

"Wee Mama Frida!"

"Mnafikiri ile chupa ya maji kwenye mkoba ni ya kunywa?"

Tulicheka mpaka mmoja akajilaza chini na sare yake. Kisha mikono ikaanza kupanda, huyu naye, yule naye, kumi na mmoja kati yetu kumi na saba. Nami nikainua wangu, taratibu.

Mama Elisante akanitazama. "Na wewe? Umesimama ubavuni kwangu mwaka mzima unaniangalia naiva?" Akanichapa na khanga mbichi. Nilistahili. Akanichapa tena, na safari hii alikuwa anacheka.

Jumamosi tukamwita Devota, muuguzi wa zahanati, binti mwenye umri wa wanetu. "Shikamooni mama zangu," akasema, nasi tukaitika kama darasa la kwanza. Akatueleza kwamba hii siyo malaria wala kurogwa, ni mwili unafunga hesabu ya uzazi, kila mwanamke na namna yake, wengine wanapita bila kusikia kitu na wengine miaka. Tuvae pamba, tutembee, tupunguze pilipili na vinywaji vya moto, tukapime presha. Na damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila kuiona, tusinyamaze hata siku moja, twende zahanati. Anayezidiwa kabisa aende pia, dawa zipo.

"Na chai ya moto nayo tuache?" akauliza Mama Frida.

"Mpunguze, mama."

"Basi chukua na roho yangu kabisa."

Lakini ni yeye aliyeshika mkasi jioni ile. Kola zikaenda, mikono ikaenda, na kabla ya wiki kuisha nailoni yote ilikuwa imegeuka pazia na sisi tuko kwenye vitenge vya pamba. Ikabaki ngoma. Ilianikwa kivulini siku nne, sauti ikarudi. Brightness, bibi harusi wetu wa mwaka jana, akasema ataipasha moto yeye. Mama Elisante akasita sana, kwa sababu ya mama yake. Mwishowe akakubali, akasimama mbali upande wa upepo, anapiga kelele, "Igeuze! Usiichome kama kiazi!"

"Kongwa napiga," akaniambia. "Likinipanda katikati, nakutazama, unaipokea. Na ikiwa hivyo, ni yako moja kwa moja."

Kongwa jua lilikuwa utosini tulipoitwa. Beti mbili ziliruka zenyewe. Ubeti wa tatu nikaona shingo yake inang'aa. Uso ukaiva. Mkono ukachelewa pigo moja, na akageuka kunitazama. Nikasema moyoni, Bwana, siyo mimi.

Mama Frida alikuwa nyuma yake pamoja na waimbaji. Akafungua kitabu cha nyimbo akampepea mgongoni, na kwa kuwa ana masikio, alimpepea kwa mdundo. Huyu wa pembeni akafungua chake. Wote wakafungua, kulia, kushoto, kulia, kushoto, vitabu vinapiga kama mabawa. Mama Elisante akafumba macho, akavuta pumzi, akaachia ngoma ikasema neno ambalo sijalisikia tangu enzi za mama yake. Akaruka! Uwanja mzima ukasimama, vigelegele, watu wanapepea na vilemba.

Baadaye mama mmoja wa kwaya ya Mtumba akatufuata. "Hiyo staili ya vitabu mlifundishwa na nani?"

"Na Bwana," akajibu Mama Frida bila kupepesa macho.

Leo wanapepea kila mahali. Nimeona mabinti wa miaka ishirini, hawajui joto wala tanuri, wanapepea kwa unyenyekevu mkubwa. Bartolomayo bado analala na koti.

Siku ile, tukingoja kuondoka Kongwa, Mama Elisante aliketi juu ya ngoma yake, akanyoosha mguu mmoja, akaukunja, akanyoosha wa pili.

"Unaangalia nini?" nikamuuliza.

"Magoti," akasema. "Bado. Endelea kuitikia."