Ukoko wa Kiganjani

Nyie wajukuu mtakaosoma haya, leo mmeunguza ugali, na harufu ya ukoko imenirudisha utotoni.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Jirani aliyepelekwa Mkata alimwacha mbwa wake, mbavu nje, anaogopa watu. Baba akasema tumlee mpaka mjomba wa Kwedizinga aje amchukue, akamlindie mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Kazi ya kumzoeza watu nikapewa mimi.

Kila siku nilimnyooshea ukoko kiganjani. Mama alifoka, "We mtoto, mkono huo ukaoshe mara saba, na udongo! Usiniletee najisi jikoni." Nikasugua mpaka ngozi ikachubuka, na kesho yake nikamlisha tena. Mwishowe akawa anaufuata mkono wa yeyote.

Ikatoka amri kwamba mbwa wanaozurura wauawe, kuna kichaa cha mbwa. Mimi sikuwa nimemfunga kamba. Mgambo akaja na rungu mkono mmoja, na mkono wa pili akaunyoosha mtupu. Nilipiga kelele, "Ana mwenyewe huyo!" Mbwa akamwendea, anatikisa mkia, na rungu likashuka.

Mjomba alifika siku ya pili, kamba begani. "Haya, yuko wapi mlinzi wangu?" Baba aliutazama mkono wangu.

Sasa huyo mbwa mliyemwokota barabarani, mnayemlelea mwalimu wenu mpaka aje amchukue, mwekeeni ukoko kwenye kifuu, mfungeni kamba, na mtu yeyote humu ndani asimnyooshee mkono.