Punji Mwoga Asema

Mama mkwe wangu, Punjibai, alikuwa mwoga kupita kiasi, na sisemi hivi kwa kumsengenya. Aliogopa nyoka, aliogopa radi, aliogopa hata ng'ombe wetu wenyewe. Aliletwa kijijini kwa mkokoteni akiwa na miaka kumi na miwili, akaolewa na mfinyanzi, akazika watoto watatu, na kusoma hakujua hata herufi moja. Lakini alfajiri, akishika jiwe la kusagia uwele, nyimbo za kumsifu Mungu wetu Krishna zilimtoka zenyewe. Mimi nilikaa upande wa pili wa jiwe, tunasaga, tunaimba. Ndivyo nilivyozijua zote.

Kwetu mtunzi hutaja jina lake mstari wa mwisho, ili Mungu ajue nani anamwita. Yeye alimaliza kila wimbo hivi: "Punji mwoga asema." Wanawake wa kisimani hawakumwacha apumue.

"Punjibai, leo umemwogopa nani?"

"Wewe na ulimi wako," alijibu, akajitwika mtungi wake akaenda zake.

Nyimbo zikavuma hadi vijiji vya mbali, na Malubha, bwana wa ngome, akazitamani. Ziwa ni lake, na udongo wetu wote hutoka ziwani. Akamtuma karani wake: siku ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, Punjibai aimbe wimbo mpya uani mwa hekalu, na mwishoni aondoe jina lake, aweke la Malubha. Akikataa, wafinyanzi wasikanyage ziwani tena.

Karani alipoondoka, mama alitetemeka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Jethi, nikiondoa jina langu, Krishna atajuaje ni mimi ninayelia?"

"Na tukikosa udongo tutakula nini, mama? Mawe? Jina ni pumzi tu. Weka la kwake, tuishi."

Nilimkaripia, ndiyo. Nilikuwa na mimba ya miezi saba.

Siku ikafika. Malubha alikaa mbele, upanga mapajani. Mama aliimba huku sauti inamkatika, nami nikihesabu mistari iliyobaki. Akafika mwisho.

"Malubha mwoga asema."

Ngoma zikanyamaza. Malubha aliinuka, akamtazama mama kwa muda mrefu, akatoka bila kusema neno. Heri angetukana.

Nyumbani nilimshika mabega. "Umetuua, mama. Kwa nini hukuliondoa neno hilo?"

Alikuwa analia. "Karani alisema nibadilishe jina. Nimebadilisha jina. Mwoga si jina, mwanangu. Mimi nilidhani kila anayemwomba Mungu anaogopa."

Mume wangu akaanza kupakia vyungu kwenye mkokoteni, tuhame kabla watu wa Malubha hawajabomoa tanuri letu na kutupiga. Alfajiri tukakaa kwenye jiwe, maana safari inataka unga. Mama alianza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo uleule, kwa mazoea tu.

Ndipo tukasikia kwato. Farasi mmoja. Akasimama nyuma ya ukuta wetu.

Mikono ya mama iliganda juu ya jiwe. Mtoto aligeuka tumboni, nami nikajiuma mkono nisipige kelele.

"Endelea," ilisema sauti ya Malubha nje ya ukuta.

Mama aliendelea. Nilimwona midomo inavyomcheza. Mstari baada ya mstari, hadi akafika pale pa kutaja jina, akanyamaza. Alinitazama, macho yamemtoka. Aweke la nani? Sikujua. Naapa sikujua, mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu.

Kisha Malubha, kule nje, akaumaliza wimbo mwenyewe, polepole, bila kuupatia vizuri: "Malubha mwoga asema."

Kwato zikaondoka. Mama alikaa akitetemeka mpaka jua likachomoza. Kisha akachukua jembe na kikapu, akanishika mkono, tukateremka ziwani kuchimba udongo.