Siku Tuliyomficha Wetu

Nilipokuwa mtoto nilijua kumchafua ndama kabla sijajua kujipamba mwenyewe. Kazi hiyo alinifundisha bibi, mama yake baba, katika kijiji chetu cha milimani juu ya Hedaru. Unakwangua masizi ya chungu, unayachanganya na kinyesi kibichi, unampaka ndama mbavuni na usoni mpaka hata mama yake amnuse mara mbili ndipo amtambue. Nia ni kwamba mgeni akipita asivutiwe naye. Bibi alisema ndama akisifiwa na mtu asiyemjua hamalizi mwezi. Siku ya kwanza nilicheka, nikapigwa kofi la mgongo, na sikucheka tena.

Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mama na mimi. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare. Akija alikuja na sabuni na sukari, na asipokuja tulijua mambo yamekaza. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka ya Hedaru yamejaa tena baada ya kukaa matupu muda mrefu, na sisi tunashuka gulioni kuangalia vitu kwa macho tu na kupanda mlima kurudi.

Ng'ombe tulikuwa naye mmoja, naye hakuwa wetu. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huwaweka kwa jamaa na marafiki. Wewe mtunzaji unakunywa maziwa na kupata samadi ya migomba, na baada ya mizao kadhaa unapewa ndama jike awe mali yako. Tangu aolewe, mama alikuwa akimkatia majani ng'ombe wa watu, akipanda na kushuka makorongo na mzigo kichwani, mvua au jua. Alipozaliwa ndama wa fungu letu, mama hakutafuta jina la fahari. Alimwita Wetu. Alisema Wetu akianza kuzaa na kukamuliwa, mimi nitakwenda sekondari. Katika kijiji chetu wakati huo, binti kwenda sekondari lilikuwa jambo la kusemwa kwa sauti ya chini, na mama alilisema kila jioni.

Wetu alipokaribia mwaka alikuwa amenona hasa. Manyoya yalimeta chini ya masizi, na nikimpaka leo kesho amejilamba. Nilimpenda kupita kiasi, na kwa sababu nilikatazwa kumsifu, nilimtukana kwa mapenzi: wewe kibaya, wewe uliyekonda, wewe nani atakutaka.

Ndipo balozi wetu wa nyumba kumi akapita nyumba hadi nyumba kutangaza kwamba bwana mifugo anakuja kuchanja ng'ombe dhidi ya chambavu. Zamani serikali ilichanja na kuogesha bila kumsumbua mtu. Sasa josho la bondeni lilikuwa limekauka, watoto wanachezea ndani, na bwana mifugo alipanda kwa miguu mara moja kwa mwaka, dawa ameifungia kwenye chupa ya chai yenye barafu. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, macho mekundu kwa vumbi la njiani. Chambavu sote tuliijua. Ndama anachechemea asubuhi, paja linavimba, ukilibonyeza linatoa sauti kama unabonyeza majani makavu, na kabla ya kesho kutwa amekufa.

Bibi aliamua kwamba ng'ombe mkubwa achanjwe, kwa kuwa ni wa watu na wenyewe watauliza. Wetu, hapana.

"Yule mtu atamtazama, kisha atamwandika kwenye daftari," alisema. "Mtu akishamwandika ndama wako, macho yake hayatoki tena juu yake."

Mama alikuwa anapepeta mahindi. Aliendelea kupepeta. Mke wa mwana hakubishana na mama mkwe mbele ya mtoto, na hata nyuma ya mtoto sidhani kama mama aliwahi. Bibi akanishika bega, akasema mimi ndiye nitakayemficha, kwa kuwa mimi nina akili. Sikuwahi kusifiwa na bibi kabla ya siku hiyo, wala baada yake.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimpaka Wetu masizi mpaka masikioni, nikampitisha migombani na kumshusha kwenye korongo chini ya mfereji. Nikamlisha majani ya viazi ili asilie. Juu nilisikia watu wakiitana, ng'ombe wakipiga kelele, kisha bwana mifugo akaaga kwetu na kuhamia kwa jirani. Nikashusha pumzi.

Mama akanikuta pale. Alikuja na mundu mkononi, kama mtu anayekwenda kukata majani. Hakukaa chini.

"Bibi yako amekwenda kwa shangazi," alisema. "Bwana mifugo bado yuko kwa jirani. Mpeleke Wetu sasa hivi achanjwe, umrudishe hapa. Bibi akikuuliza, hamkutoka korongoni."

Nilimtazama nikidhani nimesikia vibaya. Leo, nikiwa na wakwe zangu mwenyewe, ndiyo naelewa kwa nini hakukaa chini. Alikuwa anacheza na ndoa yake.

Nilikwenda, nami sitaki mtu adhani sikwenda. Nilimvuta Wetu kupanda hadi kwenye ua wa masale wa jirani, nikachungulia. Uwanja ulijaa watu, labda kumi na tano, na kila mmoja ana macho. Bwana mifugo alikuwa amemaliza kumdunga ndama wa jirani. Akampiga kofi mgongoni, akacheka, akasema kwa sauti, "Huyu mtoto ana afya kweli." Nikamwona yule ndama kama maiti iliyosimama. Nikamwangalia Wetu wangu, masizi yamemtoka kwenye mbavu kwa kujisugua na masale, na mbavu zenyewe hazionekani kwa unono.

Nikageuka naye. Nilirudi korongoni nikitembea kinyumenyume ili Wetu asigeuze kichwa kule uwanjani.

Jioni, tukiwa wawili jikoni, mama akaninong'oneza, "Amechanjwa?"

"Amechanjwa," nikasema.

Akafumba macho, akatabasamu. Kuuliza kwa jirani hakuweza, maana bibi angepata habari. Neno langu ndilo pekee alilokuwa nalo, akalipokea lote.

Mvua zilipoanza, Wetu aliamka akichechemea mguu wa nyuma. Mama alilibonyeza paja, likatoa ile sauti. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo. Hakunigeukia kuniuliza kitu, nami nilimshukuru Mungu kwa hilo. Wetu alilala siku nzima akihema, na siku ya pili kabla ya jua kuwaka alikuwa amekwisha. Ndama wa jirani, yule aliyesifiwa mbele ya watu wote, alikuwa njiani anakula majani ya uzio wetu.

Bibi hakulia. Alisema tu kwamba mgeni amemwona. Huenda Wetu alilia, huenda bwana mifugo aligeuza kichwa akipita, jicho halihitaji muda. Nikangoja mama aseme, "Lakini huyu alichanjwa." Hakusema. Alikuwa anatazama ardhi, uso umepauka, na nikafikiri ana uchungu wa ndama. Tulimzika nyuma ya migomba, shimo refu, mama mwenyewe ndiye aliyechimba sehemu kubwa na hakumruhusu mtu ampokee jembe. Sekondari haikutajwa tena. Nilipomaliza darasa la saba nilishuka Same kufanya kazi katika nyumba ya watu.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba nilikuwa mtoto na kwamba niliamini. Huo ni ukweli nusu. Pale kwenye masale niliamini. Lakini baada ya Wetu kufa, nilipomwona yule ndama wa jirani anatafuna, sikuamini tena. Nililihitaji lile jicho. Lilinistiri. Baadaye, nilipoanza kufuga ng'ombe wangu wa maziwa pale Same, daktari wa mifugo alinieleza kwamba chambavu huanza na ndama aliyenona, mwenye afya kuliko wenzake. Ndiyo maana bibi zetu waliona wazi kabisa kwamba ni wivu wa watu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa unachagua yule ambaye kila mtu angemtamani.

Bibi alikufa akiamini hivyo, na sikuona haja ya kumsumbua. Mama ndiye alinishangaza. Nilikuwa nimempelekea ndama wawili wa kisasa, na nilipopanda kumsalimia nikakuta hawajachanjwa. Wachanjaji walikuja mara mbili, naye mara mbili aliwaficha. Mama, aliyenifuata korongoni na mundu mkononi. Nikamuuliza kwa nini, akanipa majibu ya kuzungukazunguka. Nikakasirika, nikapandisha sauti, kisha nikajisikia ninavyopiga kelele kwa kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Ikabidi niseme. Nilimwambia habari za ule ua wa masale, za kurudi kinyumenyume, za lile neno nililomjibu jikoni. Nilimwambia Wetu hakuwahi kuguswa na sindano wala kuonwa na bwana mifugo.

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Mikono ikasimama. Nilingoja anifukuze, au anilaani, vyote nilistahili.

"Basi si mimi niliyemuua," alisema.

Ndipo nikajua alivyokuwa ameishi. Tangu asubuhi ile aliamini kwamba alimwasi mama mkwe wake, akampeleka ndama wetu kwenye macho ya mgeni, na kwa hilo akauzika na ujana wangu wa shule. Hakuniuliza siku ile, kwa kuniogopa, asije akasikia nikimlaumu. Miaka yote hiyo nilipokuja na zawadi zangu alizipokea kama mtu asiyestahili, nami nikadhani ni unyenyekevu wa wazee.

Nilipiga magoti pale penye maganda ya maharage, nikamwambia, "Ni mimi, mama." Hakunisamehe siku hiyo, na sikumwomba aharakishe. Aliendelea kuchambua, polepole, huku akilirudia lile neno lake, "Si mimi," kwa sauti ya chini ili alizoee.