Tajiri Wangu wa Uyole

Miaka tisa niliendesha lori la mtu. Nilibeba mchele kutoka Kyela kwenda Mbeya, nikarudi na saruji au mabati, na msimu wa kakao nikabeba kakao. Mwenye gari, tajiri wangu, alikaa mjini Mbeya akiniamuru kwa simu: kapakie Ipinda, shusha Uyole, usisimame Tukuyu kupakia abiria. Nilimlaani mara nyingi kwenye zile kona za Tukuyu, breki zikinuka na yeye akipiga kuuliza nimefika wapi. Lakini alinipa kitu kimoja ambacho sikujua thamani yake mpaka nilipoacha kazi. Alinipa mtu wa kumsingizia.

Kwetu gari la mizigo likishajulikana, ni la watu wote. Akifa mtu, linaitwa. Halikodiwi, linaitwa. Unaufuata mwili hospitali, unabeba kuni, masufuria na akina mama, unakaa mpaka mazishi yaishe, unakula, kisha unawarudisha waliotoka mbali. Ukishaubebea ukoo huu, ule mwingine utawaambia nini? Nilimfahamu mtu mmoja pale mjini Kyela aliyenunua lori zuri, na likaishia misibani. Mpaka leo watu wanamsifia, na mpaka leo anatembea kwa miguu. Mimi nikiombwa nilikuwa na jibu moja, tena la kweli: "Tajiri hataki." Hakuna aliyenikasirikia. Walimkasirikia tajiri, wakanipa pole.

Kisha nikanunua langu. Lilikuwa limetumika, rangi imepauka milangoni, lakini injini ilikuwa nzima. Nilitaka nijitafutie mizigo mwenyewe, niongee na wenye mchele uso kwa uso, dalali asiniingilie na mtu yeyote asinipigie simu kuniuliza nimefika wapi. Siku niliyolileta nililipeleka moja kwa moja Bujonde nikamwonyeshe mama. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia tangu nilipoanza kuteremka Tukuyu. Kabla sijafika kwake, jirani yake mmoja akanisimamisha barabarani, akalizunguka gari, akapiga matairi kwa kiganja.

"Tajiri wako kaongeza jingine?"

"Ndiyo," nikasema.

Sijui nililitoa wapi neno lile. Nadhani niliyaona mazishi yote ya Bujonde kwa mkupuo mmoja, nikaogopa. Nilipofika kwa mama, habari ilikuwa imenitangulia kwa baiskeli. Alilishika gari bodi, akasema nimtunzie tajiri mali yake vizuri kwa sababu ameniamini. Niliyameza yale maneno niliyoyapanga. Nilijiambia nitamweleza Jumapili.

Jumapili ile haikufika. Tajiri wangu akaanza kukua. Nikamhamishia Uyole. Nikampa kisukari, maana watu waliuliza kwa nini ana hasira vile. Kuna wakati nilitakiwa kumpigia simu mbele ya waombaji, basi nikampigia mke wangu, nikasema, "Shikamoo bosi, kuna msiba huku," na mke wangu upande wa pili akajibu nisisahau kuleta chumvi. Nikakata simu, nikatikisa kichwa kwa huzuni. Siku za mwanzo tulicheka sana nyumbani kwa mambo hayo. Baadaye mke wangu akaacha kucheka. Hakuweza kumwambia hata mama yake mzazi kwamba tuna gari. Wenzetu wakinunua chombo wanampeleka mchungaji akiombee, wanapika, wanaalika watu. Sisi tulilificha lori la tani kumi kama watu wanaoficha mimba.

Na huko kujitafutia mizigo kwenyewe! Watu hudhani ni kulala utakavyo. Nilikuwa nakaa kwenye gari pale sokoni Kyela kutwa nzima, simu mkononi, kwa sababu mwenye mchele akikupigia usipokee anampigia wa pili. Nilikula humo humo. Nilioga simu ikiwa juu ya sabuni. Zamani nikikosa mzigo nililala usingizi, hasara ilikuwa ya mwenyewe. Sasa mwenyewe nilikuwa mimi, na nilikuwa mkali kuliko yule wa kwanza. Nisingemruhusu dereva wangu hata akamwone mama yake mgonjwa, na dereva wangu nilikuwa mimi.

Yule jirani aliyepiga matairi kwa kiganja ni mkulima wa kakao, mzee wa kanisa. Mkewe alifariki hospitali ya wilaya, asubuhi, wakati wa kiangazi, barabara zote kavu. Akanifuata sokoni. Nilikuwa nimeegesha, sina mzigo, miguu nimeiweka juu ya dashibodi. Aliniamkia yeye kwanza, mtu mzima yule, kwa Kinyakyusa, "Ugonile," kisha akaniomba nimpeleke mkewe nyumbani. Nikamwambia tajiri hataki. Sikujisumbua hata kupiga simu ya uongo. Akasema, "Ndaga, mwanangu," akanishukuru mimi, akaenda. Mkewe alipelekwa Bujonde kwa guta la magurudumu matatu, jeneza likachomoza nyuma, mtu akalishikilia kwa mikono lisiteleze. Nililiona likinipita. Mchana ule sikupata mzigo wowote.

Nilijichukia, nasema wazi. Lakini kujichukia hakukunifungua mdomo. Ningemwambia nini? Kwamba gari lilikuwa langu na nililikalia tu? Kila siku iliyopita iliongeza idadi ya watu ambao ningelazimika kuwatazama usoni.

Halafu zikaja mvua za masika. Mto ukajaa, maji yakatanda mashambani mpaka barabarani. Pikipiki na bajaji hazikupita. Lori refu lilipita, kwa kubahatisha. Asubuhi hiyo nilikuwa naenda kupakia mchele kwenye ghala la Bujonde kabla barabara haijafa kabisa, na mwenye mchele alikuwa ameshapiga mara mbili. Nikapita kwa mama kumsalimu. Nikakuta uani kumejaa akina mama wenye mafurushi.

Dada mkubwa wa mama alikuwa amefariki. Aliolewa upande wa Malawi, ng'ambo tu ya mpaka, na alikuwa anazikwa mchana ule ule. Mama ndiye mdogo wake pekee aliyebaki. Mchele wa msiba ulikuwa tayari kwenye gunia, ndizi zimefungwa, mikeka imeviringishwa. Kilichokosekana ni cha kuwavusha kwenye maji mpaka Kasumulu, wavuke daraja kwa miguu, ndugu wa kule wawapokee.

Mama alikuwa amejifunga khanga kiunoni, anayatazama maji. Hakuniomba. Alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Nenda kazini, mwanangu, usije ukafukuzwa. Sisi tutasubiri yapungue."

Yasingepungua siku ile, na yeye alijua.

"Pandeni," nikasema.

"Na tajiri?"

"Nimempigia. Ameruhusu."

Akanitazama. "Hujampigia. Nimekuangalia toka umeshuka, simu hujaishika."

Wanawake wote walikuwa wanasikiliza. Yule jirani alikuwepo pia, amekuja na mkungu wake wa ndizi, kama mzee wa kanisa.

"Mama," nikasema, "gari ni langu."

Nilidhani dunia itapasuka. Mama alikunja uso tu, kwa aibu, kama vile nimetukana. "Usinidanganye mbele ya msiba. Sitakwenda kumzika dada yangu kwa gari la kuiba. Wakikufunga nani atanizika mimi?"

Nikatoa kadi ya gari kwenye mfuko wa shati. Mama hasomi. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akampa mtu ambaye siku zote humsomea barua na matangazo ya kanisa. Akampa jirani.

Nilimwona akiisoma. Alifika kwenye jina langu, nilijua kwa sababu macho yake yalisimama pale. Akasoma tarehe niliyolinunua. Nilimwona akihesabu miezi, akirudi nyuma mpaka kiangazi, mpaka mimi nimepandisha miguu juu ya dashibodi. Nilitamani apige kelele. Nilitamani sana, ili yaishe.

Akaikunja kadi. "Ni ruhusa," akamwambia mama. "Tajiri ameandika. Amesema msiba wa ndugu, gari libebe watu. Panda, mama, tutachelewa."

Akairudisha mfukoni mwangu yeye mwenyewe, akafunga na kifungo.

Tuliyapita maji polepole, yakagonga milango. Simu ya mwenye mchele iliita mpaka ikachoka. Mama alikaa mbele pamoja nami, akamwombea tajiri wangu kwa Kinyakyusa, na kisukari chake akakitaja. Tulifika mpakani saa tano, wakavuka, na dada yake alizikwa mama akiwepo.

Mngedhani baada ya hapo nilisema ukweli. Ningeusemaje? Ningemfanya mzee wa kanisa kuwa mwongo mbele ya wajane na wazee aliowasimamia, kwa sababu tu ya kunisitiri. Uongo ule nilikuwa nauweza nilipokuwa peke yangu ndani yake. Sasa tuko wawili, na mwenzangu hakuuomba.

Wiki mbili baadaye nilipita Bujonde kupakia. Mama alikuwa amemwandalia tajiri zawadi ya shukrani: jogoo na mchele mpya wa kutwanga. Akanikataza kushuka, akasema nina haraka za watu. Jirani ndiye aliyeniletea dirishani, jogoo amemfunga miguu kwa ukambaa wa mgomba, mchele ameukumbatia. Akaviweka kwenye kiti cha pembeni, taratibu, akahakikisha havitaanguka kwenye mashimo.

"Mfikishie mwenyewe," akasema.

"Nitamfikishia, baba."

Alibaki ameshika mlango. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonivunja.

"Na umwambie," akasema, "kwamba mke wangu nilimpeleka kwa guta."

"Nitamwambia," nikasema.