Zamu ya Mwenzangu

Mume wangu alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyonikata maini miaka yote niliyoishi naye Pujini. Laiti angekuwa dhalimu, ningepata pa kumshitaki.

Wakati wa vita vya Mjerumani alikwenda bara, akawabebea Waingereza mizigo, akarudi na goti bovu na wasia. Mwenzake aliyelala naye hema moja alikufa huko kwa homa, na kabla hajakata roho alimwomba amtazamie mkewe aliyemwacha Wawi. Mimi nilidhani kumtazamia mjane ni kumpelekea muhogo na kitoweo. Muhogo wenyewe nilimfungia mimi, tena ule mzuri. Haukupita msimu wa karafuu, akaja kuniambia kamwoa.

"Ahadi ni deni," akasema.

Nikamjibu kuwa madeni mengine hulipwa kwa muhogo tu.

Tangu hapo tukawa na zamu, wiki kwangu na wiki kwa mwenzangu. Ijumaa akishasali, huyo anahama. Masika njia tope tupu, goti limemvimba, atakwenda. Akininunulia kanga, doti ya pili inakwenda Wawi, rangi ile ile, basi zangu nikawa sizivai ila jikoni. Ndugu zangu walimsifu kwa uadilifu. Mimi nilikaa jamvini nachambua karafuu, nawaza anacheka nini huko. Maana kwangu alikuwa mtu wa maneno machache, na wapita njia waliniambia kuwa Wawi kicheko chake husikika mpaka barabarani. Kile kicheko kiliniuma kuliko kanga.

Mwanamke mwenyewe hakuwahi kunikosea, na hilo pia sikumsamehe. Kila Idi aliniletea visheti. Niliwagawia watoto wa jirani, sikuonja hata kimoja.

Vita vya pili vilipokuja, mchele ukawa wa kugaiwa, na yeye ameshakuwa mzee wa ndevu nyeupe. Lakini Ijumaa ikifika, anashika bakora yake. Vita vikaisha, bado anahama.

Kisha kifua kikamlaza, na kilimlaza akiwa kwangu. Nilimkanda, nikamnywesha uji, na Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Nilitaka jambo moja tu duniani: jeneza lake litoke mlangoni kwangu, watu wajue mkewe ni nani.

Ijumaa hakuweza kwenda msikitini. Akafumbua macho, akauliza, "Leo zamu ya nani?"

Mwanangu mkubwa akamwambia, "Baba, pumzika." Akauliza tena. Ikabidi niseme mimi.

"Ya nke mwenzangu."

"Basi nchukueni."

Mwalimu wa chuoni, aliyekuja kumsomea, akamweleza kuwa mgonjwa anaweza kubaki alipo, mwenye zamu akiridhia. "Hajaridhia," mume wangu akasema, "hamjamuuliza." Wanangu wakaanza kukaza kamba za kitanda ili wambebe nacho. Nikasimama mlangoni, sikumpisha mtu.

Hapo ndipo alipotokea mwenyewe, kwa miguu kutoka Wawi, kanga imeloa jasho. Nilijua kaja kuchukua chake. Nikampisha kwa kuwa sikuwa na haki ya kumzuia. Akamgusa mgonjwa kipajini, akakisikiliza kile kifua, kisha akanigeukia mimi.

"Akibebwa atafia njiani. Zamu yangu nakupa wewe, dada."

"Kwa radhi yako?" mume wangu akauliza.

"Kwa radhi yangu."

Mgonjwa akatabasamu. Miaka yote ile sikumbuki akinitabasamia mimi namna ile. "Ahsante, mwanamke," akamwambia. Baada ya hapo sikumsikia akisema kitu ila shahada.

Alikufa Jumapili asubuhi, mkono wangu chini ya kichwa chake. Jeneza likatoka mlangoni kwangu, kama nilivyotaka. Matangani wanawake walinipa pole ya haraka haraka, wakaenda kumzunguka yeye. Moyo gani ule, walisema, mwanamke gani anayetoa zamu kama ile. Nami ndiye niliyekuwa nawapikia.

Sasa mimi ni mtu mzima, wajukuu wananiambia wivu una mwisho wake. Wao hawajui. Mwanamke yule alinichukulia mume nikamchukia, na hilo ni jepesi. Lakini kifo cha mume wangu alinipa yeye, kwa hiari yake, mbele ya watu, na kitu kama hicho hakirudishwi.