Kioo cha Zadock na Nyumba za Mwezini

Zadock alizaliwa Kosele, akasoma hadi darasa la saba, na kufikia mwaka wa 1995 alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa ya kuchungulia mashimo ya dhahabu huko Masara. Kila asubuhi, kabla watu hawajateremka, alisimama ukingoni na kipande cha kioo, akalikamata jua na kulimulika ndani, akiuzungusha mwanga ukutani polepole. Kisha alisema "shukeni" au "ngojeni". Hakuwa mtu wa maneno zaidi ya hayo. Hata posa yake ilipelekwa na shangazi, yeye akabaki nje akitazama kuku.

Asubuhi moja alisema, "Ngojeni."

Ombui, mwenye shimo, alikuwa na watu sita tayari na sururu zao. "Nini tena?"

"Ukuta umetoa tumbo. Pale katikati."

"Tumbo gani? Jana nilikuwa chini na tochi, nikapaona. Ni kishimo tu, jiwe limebanduka. Macho yako yamezeeka, omera, ndugu yangu."

Wale sita wakacheka. Zadock alijua ukuta ukishatoa tumbo hauchelewi kumwagika, na aliye chini hatoki. Lakini maneno ya kumshinda Ombui hakuwa nayo.

"Tunywe chai," Ombui akaamua. "Tukimaliza tunashuka."

Kwenye kibanda chake cha chai, Filister alikuwa akifunga mandazi kwa kurasa za gazeti kuukuu. Ombui alifungua karatasi yake, akaacha kutafuna. Ilikuwa picha ya mwezi iliyopigwa na satelaiti. Sehemu ya juu ya picha ilikuwa giza tupu, na penye mwanga palijaa vitu vya mviringo, vimeinuka kama mapaa.

"Kumbe mwezini kuna wenyeji," alisema. "Tazameni nyumba. Zadock, na hizi zimetoa tumbo?"

Filister akachungulia. "Mbona hazina milango? Wanaingilia wapi?"

"Wanapitia paani, mama. Wenzako wameendelea."

Zadock aliipokea karatasi. Mwanzoni naye aliona nyumba. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akatafuta jua liko wapi. Giza lilikuwa juu ya ukurasa, basi jua lilitokea chini. Kichuguu hung'aa upande unaoelekea jua. Hivi viling'aa upande wa pili, kama shimo la asubuhi linavyong'aa ukuta wa magharibi.

"Ni mashimo," alisema.

"Mashimo yameinuka?"

Zadock aliigeuza karatasi juu chini, akamrudishia.

Ombui alitazama. Nyumba zote zilikuwa zimezama, kila paa limekuwa bakuli. Akaigeuza, zikainuka. Akaigeuza tena, andazi likamtoka mkononi.

"Jicho hudhani mwanga unatoka juu siku zote," Zadock alisema, na hayo yalikuwa maneno yake mengi kuliko yote ya mwaka huo. "Ukitoka chini, shimo linaonekana tumbo, na tumbo linaonekana shimo. Jana tochi yako ilikuwa wapi?"

Ombui alifikiri. "Niliiweka chini, miguuni."

Hakuna aliyecheka. Ombui aliacha chai yake, akaenda shimoni, akaomba kioo. Aliumulika ukuta kwa mwanga wa juu, muda mrefu. Pale katikati, kivuli kilikaa chini ya kile alichokiita kishimo, kama kivuli chini ya kitambi cha mtu.

"Leteni miiba," aliwaambia watu wake. "Tunaliziba shimo, hakuna kushuka."

Siku tano baadaye mvua ilinyesha, na tumbo likamwagika usiku, shimo likiwa tupu.

Ile picha Filister aliibandika kibandani, maandishi yakiwa kichwa chini. Mteja akimwambia ameibandika vibaya, humwonyesha Zadock kwa kidole, aelezwe naye. Zadock huinamia chai yake.